Mwandiko Juu ya Kibiriti

Nikimsikia mtu wa Mambrui akisema Mwalimu alidhulumiwa, hasira hunipanda. Nikimsikia mwingine akisema alistahili, hunipanda vilevile. Wote hao wanasema kwa kusikia. Mimi nilikaa naye ukuta mmoja zaidi ya miaka ishirini, tangu nilipoolewa nikaletwa nyumba ya pili na yake, na kabla ya hapo nilikuwa chuoni kwake, nimekaa mkekani na ubao mapajani kama watoto wote wa mji. Nitamwita Mwalimu tu. Jina lake wanalo wanawe, nami sitaki kulitia katika maneno haya, kwa sababu mengine si mazuri.

Alikuwa mtu wa mwandiko. Kutoka kwetu hadi Lamu hapakuwa na mkono kama wake. Aliandika barua za watu, hati za ndoa, na misahafu miwili tangu mwanzo hadi mwisho, mmojawapo uko kwangu mpaka leo. Aliandika pia kombe: aya kwa zafarani juu ya sahani nyeupe, ikaoshwa kwa maji ya waridi, mgonjwa akanywa. Watu walivuka mto Sabaki umefurika kuja kuchukua kombe lake. Hakupokea kitu. Ukimwachia kuku mlangoni bila kusema neno, kuku huyo hakumwona, ila jioni ungesikia harufu ya mchuzi.

Neno lake lilikuwa moja: "Polepole, hatufukuzwi." Mtoto akiharakisha herufi, hatufukuzwi. Wanaume wakigombana barazani wote wakisema kwa mara moja, jamani, hatufukuzwi. Nilipokuwa na uchungu wa mwanangu wa kwanza alipitisha sahani ya kombe dirishani, akasema na ukuta, "Mwambieni polepole," na mimi niliye na uchungu nikatamani kumtupia sahani yake.

Alikuwa na jambo lingine lililotuchekesha sisi wa chuoni. Akimaliza kuandika aliinuka, akaenda dirishani, akaishika karatasi juu kwenye mwanga, mkono umenyooka, kichwa kimeinama upande. "Ikauke," alikuwa akisema. Wino umeshakauka zamani. Tulikuwa tukibanana mbavu kwa kicheko, naye amesimama pale anaikausha karatasi kavu. Alijiona mnyenyekevu, na katika mengi alikuwa hivyo. Alivaa kanzu moja hadi ikapauka, alikula na yeyote, aliwapisha vijana njiani. Lakini ukimsifia kwake yule mwandishi wa Shella, kule Malindi, alikuwa akijibu, "Ee, yule mtu mwema sana. Mkono wake mbaya, lakini mtu mwema."

La tatu ndilo lililomponza. Hakuandika kitu bila kuanza na Bismillahi juu. Hata akimtuma mtu dukani na kikaratasi cha bizari na vitunguu, Jina la Mungu lilikaa juu, bizari chini yake. Siku moja nilisahau kuliandika ubaoni kwangu, nikaruka moja kwa moja kwenye sura. Hakunipiga. Alichukua maji akafuta ubao mzima, mistari yangu yote ya asubuhi, akasema, "Mtu asiye na kichwa aenda wapi?" Nikaanza upya nikilia. Tangu hapo sijasahau, wala yeye hakupata kusahau, popote alipokuwa.

Na karatasi yenye maandishi hakuiacha chini. Akiiona njiani huinama, akaipangusa, akaibusu, akaichomeka kwenye tundu la ukuta miguu isipofika. Mwenye duka wetu, Baniani mzee aliyezaliwa papa hapa, alilijua hilo. Vile vikaratasi vya bizari hakuvitupa. Alivikusanya kwenye mkebe na kumrudishia Mwalimu kila Ijumaa, kwa mikono miwili. Baniani, mtu wa dini nyingine, alijua. Nitalirudia hilo hadi nife, kwa sababu aliyefuata hakutaka kujua.

Aliyefuata ni mzungu wa mpira. Siku hizo wazungu walikuwa wakija kuotesha miti ya mpira na pamba ng'ambo ya mto, na huyu alitoka Uswidi. Alikuja kusoma Kiswahili kwa Mwalimu. Alikaa mkekani, magoti yake hayakunjiki, akaandika kila neno katika daftari. Sikumchukia wakati huo. Alimwita "Mwalimu wangu" kwa heshima, na alikuwa na ndugu yake kwao, msimamizi wa kiwanda cha vibiriti. Kibiriti chao kilikuwa kikiuzwa pwani yote, na wenye kiwanda walitaka kisanduku chenye maandishi yetu, watu wakione wakipende. Mzungu akamwomba Mwalimu aende naye, aandike kulekule, mbele ya mafundi wa chapa, wasije wakazigeuza herufi. Akaenda. Akakaa huko miezi mitatu.

Aliporudi aliniletea kijiko cha mbao. Na aliniletea huo mji mdogo wa kando ya ziwa, kwa maana hakuacha kuusimulia. Mimi niko uani natwanga, yeye yuko uani kwake anachonga kalamu za mwanzi, na maneno yanapita juu ya ukuta. Mji wenyewe aliuita Ziwani.

Lile ziwa lilimshinda kwanza. Alisema siku ya kwanza alishuka kutawadha, akateka kwa kiganja akisubiri chumvi, na chumvi haikuja. Maji mapana yasiyo na mwisho, ng'ambo huioni, nayo matamu kama ya kisima. "Nalirudia mara tatu," aliniambia, "nikidhani ulimi wangu umeharibika safarini." Juu ya maji yalielea magogo, maelfu, yamefungwa kwa minyororo, na wanaume wakitembea juu yake na fimbo ndefu zenye ndoana. Ni miti ambayo majani yake hutetemeka hata upepo usipokuwapo. Huingizwa upande mmoja wa kiwanda, ikatoka upande wa pili ikiwa njiti ndogo kama sindano za kushonea magunia.

Mji ulikuwa barabara moja, kanisa moja, na bomba la matofali lenye kutoa moshi, refu kupita minara yetu yote tukiipandanisha. Asubuhi bomba lililia, na watu wote walitoka kwa mara moja, viatu vyao vya mbao vikigonga mawe. Alikuwa akiniigizia ule mgongano kwa kisu juu ya kizingiti. "Hapana aliyesema polepole," alisema. "Wale wafukuzwa." Jua nalo halikuwa na adabu. Lilikaa juu hadi watu wamelala, naye akawa anasali magharibi kwa saa ya mfukoni, mapazia yamefungwa, hajui kama Mungu amekubali.

Watoto walimfuata. Walimgusa kanzu. Mwanamke mmoja alimlowesha mkono kwa mate na kusugua kuona kama rangi itatoka, na nilipolisikia hilo niliacha mchi. Yeye alicheka. Alisema kulikuwa na ajuza mmoja aliyewafukuza wale watoto kwa ufagio na kumwita ndani. Ajuza huyo alikuwa amefunga kitambaa kuzunguka uso. Alipokifungua apate kunywa kahawa, taya la upande mmoja halikuwapo. Lilioza zamani, alipokuwa msichana wa kuchovya njiti katika dawa yenye sumu. Aliimimina kahawa katika kisahani, akabana sukari kwenye meno yaliyobaki, akanywa kwa kuivuta, na Mwalimu akafanya vilevile. Walikuwa wakikaa hivyo kila siku, hakuna aliyejua neno la mwenzake. Mjukuu wa ajuza alikuwa amekaa pembeni akigandisha visanduku kwa gundi, vidole vinaenda bila macho kuangalia, rundo baada ya rundo. "Ni maskini wale, mwanangu," aliniambia. "Nalidhani nchi ya wazungu ina wazungu watupu. Kumbe ina maskini."

Nilimpenda kwa neno hilo. Naliandika hapa ili mjue.

Ulipopita mwaka, kibiriti kipya kikaja dukani. Kisanduku chekundu, mwandiko wa dhahabu. Mji mzima ulikwenda kuona. Mstari wa chini ulisema kibiriti bora, hakizimwi na upepo. Mstari wa juu, mkubwa kuliko wa chini, ulikuwa Bismillahi. Mwalimu alikuwa ameandika karatasi yake kama alivyoandika kila karatasi, na wale wa Ziwani waliona pambo, wakalichapa na pambo lake.

Siku za mwanzo watu walifurahi, wasidanganye sasa. Wanaume walikitoa kifuani wakawaonyesha wageni wa Malindi. Lakini kibiriti huisha, na ganda tupu hutupwa. Yakatupwa sokoni, yakatupwa pwani penye matumbo ya samaki, yakatupwa vyooni. Mume wangu, mtu wa mashamba ya ufuta, mkali wa dini kuliko wa kazi, alitoka msikitini adhuhuri moja akahisi kitu chini ya kiatu. Akainua mguu. Akaja nyumbani na lile ganda katika kiganja, limepondeka, Jina limeingia mchanga, na uso wake ulikuwa umebadilika.

"Tazama Mwalimu wako," akaniambia. "Amelitia Jina chini ya miguu yetu."

Mzungu akaitwa. Alikuja na punda, akamfunga mlangoni kwa Mwalimu, wanaume wote wamejaa barazani. Mimi niko dirishani kwangu, nimejitanda, nasikia kila neno. Wakamweleza. Akasema kwa Kiswahili alichofundishwa na mtu huyohuyo aliyekaa hapo kimya, kwamba ni pambo tu, kwamba jiwe la chapa limekwisha chorwa na visanduku vimekwisha jaa ghalani, na watu kila mahali wanakipenda. Kisha akasema, "Na Mwalimu mwenyewe alikiona kabla hatujaondoka. Alifurahi sana."

Wote wakamgeukia Mwalimu, nami nikamwangalia kwenye upenyo wa dirisha. Aliinamisha kichwa. Hakusema ndiyo, hakusema siyo. Nikaona hapo mtu mwenye heshima aliyekataa kubishana na mwongo. Hivyo ndivyo nilivyoona, na sikuwa peke yangu.

Jioni ile nyumbani kwangu paliwaka moto. Mume wangu akasema, "Umesikia? Alikiona. Akanyamaza."

"Nimesikia mzungu akisema uongo."

"Mbona Mwalimu hakumkanusha?"

"Amkanushe mpumbavu? Wewe ulipata kumwona Mwalimu akilitupa Jina? Mtu anayeokota karatasi ya bizari?"

"Yatosha kuropoka, mwanamke. Unajuaje?"

Basi nikaenda kabatini nikateremsha msahafu, ule aliouandika yeye kwa mkono wake, nikaweka kiganja juu yake, nikaapa kwamba Mwalimu hakukiona kile kisanduku hadi kilipofika Mambrui. Mume wangu anajua siapi ovyo. Kesho yake alikipeleka kiapo changu kwa wazee, nao wakagawanyika. Walimwondoa Mwalimu katika mihrabu, asisalishe tena. Lakini chuo walimwachia, kwa sababu mwanafunzi wake, mke wa mtu mzito, ameapa kwamba hana kosa. Mume wangu sikusema naye neno zaidi ya "chakula tayari" hadi mwezi ukaandama mara mbili. Alistahili, maana wale waliomvua Mwalimu mihrabu waliendelea kununua kibiriti kilekile. Kiliwaka vizuri. Niliwaona wakiwashia tumbaku zao barazani wakimsengenya, na maganda wanatupa.

Mwenye duka peke yake ndiye aliyeagiza aina nyingine, na ilipochelewa aliwaambia watu waende kwa jirani wakaombe kaa la moto kama zamani. Wakaenda kununua kwingine.

Mwalimu tangu hapo hakushika kalamu. Alifundisha kwa mdomo, na mbao za watoto waliandika wakubwa wao. Waliokuja kutaka kombe aliwaelekeza Shella, kwa yule mwema mwenye mkono mbaya. Na kila asubuhi, baada ya alfajiri, alitoka na kikapu akaokota maganda. Alianzia msikitini, akapita soko, akashuka pwani. Aliingia mpaka vyooni vya watu, akibisha kwanza. Watoto walimwita Mzee Vibiriti, na mmoja niliyemsikia nilimfukuza hadi kwao nikamchapa mbele ya mama yake. Miaka minne, mitano, niliutazama ule mgongo umeinama njiani, na kila nilipoutazama nilimlaani mzungu, nikawalaani wazee, nikamlaani mume wangu katika moyo wangu kisha nikaomba msamaha kwa Mungu.

Vita vya Wajerumani vilipoanza, kibiriti kikaadimika, na maganda yakapungua. Mzungu wa mpira alikuwa ameshakwenda kwao. Ndipo Mwalimu akaniita. Alikuwa mgonjwa wa kifua, na macho yamefunga ukungu. Nilikwenda asubuhi na uji. Alikuwa amekaa kitandani, na mbele yake kasha la nguo lipo wazi, limejaa maganda mekundu hadi juu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Keti. Haya nataka kuyazika mahali safi, na mimi sina nguvu. Wanangu waona haya. Nimekutaja wewe."

"Nitayazika. Kunywa uji kwanza."

Hakunywa. Alisema, "Siku ile ya mzungu uliapa."

"Niliapa."

"Hukuniuliza."

"Nikuulize nini? Nilikujua."

Akatia mkono ndani ya kasha, akayapapasa maganda. Kisha akasema, "Nalikiona."

Nikautazama mkono wake, umo kati ya maganda.

"Fundi wa chapa alileta karatasi moja kubwa, na juu yake visanduku ishirini, havijakatwa. Mwandiko wangu mara ishirini, dhahabu tupu. Hapana herufi ya alifu iliyopinda. Nikaona Jina pale juu, nikajua papo hapo. Jiwe la chapa lilikuwa mezani, na fundi ana kitambaa mkononi. Ningelionyesha kidole tu, angefuta."

"Basi kwa nini?"

"Kule hapakuwa na mtu wa kunisoma, mwanangu. Miezi mitatu nalikuwa bubu, wanigusa kanzu, wanicheka. Yule bibi tu, na yeye hana taya. Halafu nikajiona pale, mara ishirini. Nikaichukua ile karatasi nikaenda dirishani, nikaishika juu."

"Ikauke," nikasema.

"Ikauke," akasema.

"Ilikuwa mbichi?"

"Kavu kabisa."

Uji ulikuwa bado mkononi mwangu. Nikauweka chini kwa sababu niliona utamwagika. "Ukaniacha niape," nikamwambia. "Kwa mkono juu ya msahafu wako. Ukakaa ng'ambo ya ukuta ukajua, na miaka yote hii ukaniacha nigombane na watu kwa ajili yako."

"Nalikuacha. Nalitaka chuo kinibakie."

Alisema hivyo tu, bila kulia, bila kuniomba radhi, na nadhani kama angeniomba ningempiga kwa kile kijiko chake cha mbao. Nilitoka sikuaga. Hasira yote niliyoigawa kwa mzungu na wazee na mume wangu ilirudi kwa mara moja, na sikujua niiweke wapi, maana mzungu ndiye aliyesema kweli.

Nilifunga siku tatu. Kitabuni imeandikwa kwamba mwenye kuapa huku akiamini hana dhambi. Ni yeye aliyetufundisha. Nilifunga hata hivyo, na mume wangu aliponiuliza za nini, nilimwambia ni za deni la Ramadhani.

Siku ya nne nikatoka na jembe kwenda kwa Mwalimu. Si kwa ajili yake. Maganda hayakuwa na kosa, na Jina halina kosa. Nilipopita mbele ya duka nikaliona moja mchangani, huenda ndilo la mwisho katika Mambrui yote, limepigwa na jua, wekundu wake umefifia. Nikainama nikaliokota, nikalipangusa kwa ncha ya kanga, nikalibusu. Nilikuwa nimekusudia kulitia mkobani niendelee na njia. Badala yake nililisimamisha jembe ukutani, nikaliinua lile ganda kwenye mwanga, mkono nimeunyoosha. Dhahabu ilikuwa haijatoka. Alifu zilisimama zote. Mwenye duka alitoka akaniuliza, "Wafanya nini, mama?"

Mvua ilikuwa haijanyesha kwa wiki tatu.

"Nalikausha," nikamwambia.